Asali ya Posa Kwenye Kitufe

Jumamosi, Ilongero

Siyo programu! Fundi wa mjini alishikilia kwamba ubovu ni wa programu, akataka kufuta kila kitu. Nikakinyakua kishikwambi changu mezani kwake. Humo mna jumbe zote za sauti alizonitumia Elia wakati wa uchumba, na sina kwingine nilikozihifadhi.

Siku tatu nimekichunguza. Asubuhi, upepo ukiwa wa baridi, kitufe cha sauti kinakwama na Elia wangu anakuwa bubu. Mchana, kikipata joto, kinabonyea vizuri. Leo nikamweleza Elia mwenyewe, akacheka. "Mke wangu, programu inajuaje baridi?"

Akachokoa pembeni ya kitufe kwa njiti ya kiberiti. Ikatoka asali iliyoganda.

Nilikumbuka palepale. Siku ya posa, dumu la asali lilivuja ndani ya begi alimoweka zawadi yangu, kishikwambi hiki. Alimwamkia baba shikamoo huku mikono inanata, na baba akauliza, "Kijana, mbona huniachii mkono?"

Tumesikiliza ujumbe wa kwanza. "Habari yako, dada Neema." Dada! Sauti ilivyokuwa inamtetemeka, mpenzi wangu.

Kabla hajaitupa ile njiti, niliilamba.

"Utaumwa tumbo wewe!"

Bado tamu.