Mlango Usiovutwa

3 Machi

Kaka,

Salamu kwako na kwa shemeji. U mzima? Mimi sijambo, kwa kadiri ya mtu aliyefukuzwa ofisini na kaka yake na kurudi kula kwa mama.

Ule mlango niliouchora kwenye kompyuta yako una adabu. Uandikie upana, ubao unapanuka, miimo ya pembeni inabaki na unene wake. Lakini uandikie. Ukiukamata ukingo ukauvuta kwa mausi, unavimba wote, na miimo yake. Nakwambia mimi niliyeishia kidato cha pili, wewe mwenye picha ya joho ukutani.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima, mama msalimie. Nimesoma miaka mitano. Sifundishwi mlango na mtu aliyeshindwa kukaa darasani. Michoro ya zahanati imeshakwenda kwa seremala, milango tisa. Funga mdomo.

Kaka yako

28 Aprili

Kaka,

Hujambo? Mimi sijambo ya mdomoni tu. Nilikwenda kwa seremala kuomba kazi. Akaniuliza kama milango ya zahanati ni yangu, nikajibu kifua mbele kwamba ndiyo. Akanitoa kama mbuzi aliyeingia dukani. Kumbe kitanda cha wagonjwa kinakwama mlangoni, na wewe umemwambia kosa ni langu.

Michoro nimeiona. Ulichukua mlango wa choo, sentimita sitini, ukauvuta hadi mia na ishirini. Kila mwimo wa tano ukawa kumi. Kitanda kina upana wa mia na tano, njia imebaki mia. Hesabu hiyo hata sisi wa kidato cha pili tuliifikia. Mwambie ukweli, nipate kazi.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Nakutakia afya. Sijivunjii heshima kwa ajili yako. Njoo urekebishe kimyakimya, kisha urudi kwa mama.

Kaka yako

11 Mei

Kaka,

Afya yangu haijawahi kunawiri hivi, yako sijui. Nilirudi kwa seremala na mlango wangu kwenye flashi. Mbele ya macho yake nikaandika mia na ishirini, miimo ikatulia kwenye tano. Kisha nikauvuta kama wewe, ikavimba. Akasema, "Wewe anza kesho. Yule msomi aje abebe fremu zake."

Zipo uani, zote tisa. Njoo na mabega mapana. Yakiwa membamba, yavute kwa mausi.

Mpimaji wa seremala, na kwa bahati mbaya,
mdogo wako bado