Pale Mashini Inapopiga Hodi

Mujukuu wangu Neema,

Huku Keshero tuko wazima. Nyanya yako amepona kikohozi, na mudogo wake Saidi anakusalimia kwa kelele zake zote.

Unauliza kwa nini programu uliyoiunganisha na linka ingine haionyeshi kosa, lakini mashini inanyamaza. Nyanya alishakutana na jambo hilo, kabla hatujaoana.

Volkano ilipofunika mji, mashini iliyoendesha mitambo ya redio yetu iliungua. Tulipata ingine ndogo, na Nyanya akaiandalia programu kwenye ordinatere, kompyuta yetu. Kompaila ya kutafsiri programu tulikuwa nayo. Linka yake, ile inayounganisha vipande, ilibaki kwenye disketi chini ya mawe, basi tukaazima ya mashini za aina ingine. Vipande viliungana vizuri, redio ikanyamaza.

Sisi wanaume tulitaka kuanza upya. Yeye alitazama nyumba ya jirani, ambayo lava ilimeza mlango wake na watu wakawa wanaingilia dirisha la juu.

"Kaka, hakuna kilichopotea humu," akaniambia. "Mashini inapiga hodi pale ilipozoea, na linka imeweka mlango kwingine."

Akaielekeza linka iweke mwanzo wa programu pale mashini inapoanzia kusoma. Redio ikasema.

Yeye mwenyewe alisoma majina ya watoto waliopotea katika kukimbia. La mwisho lilikuwa Saidi, mudogo wake. Wakati wote ule hatukujua kwamba amepotea.

Saidi alisikia jina lake akiwa Mugunga, walikokimbilia watu wengi. Sasa anachungulia barua hii, anataka niandike kwamba alikuja mbio.

Babu yako