Ile Tisa Mliyompa Daktari wa Meno

Kalymnos, Jumatano

Baba yangu mpenzi, Kapteni Pandelis,

Nakuamkia kwa heshima zote, na mkono wako naubusu kwa mbali. Mtoto wa jicho anaendeleaje? Mama amenidokeza kwamba bado unamkimbia daktari wa macho, eti bahari unaiona na hiyo inatosha. Mimi ni mzima, nakula, nalala, ila ngozi imeungua kwa jua kuliko inavyompasa mtu wa ofisini. Naandika barua kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize sentensi hata moja, na leo ninazo kadhaa.

Nianze na Jumapili iliyopita. Nitakusimulia ulichokiona kwa macho yako mwenyewe, kwa kuwa hayo macho siyaamini. Ilikuwa saa kumi alasiri. Wewe, Mzee Stergos na Mzee Filippas mlikuwa mbele ya mkahawa wa Bi Anthi kama kawaida yenu, mnazipa alama boti za matanga zinazoingia bandarini Lipsi. Mtu akipata saba anamshukuru Mungu. Kumi hujawahi kumpa yeyote tangu uzaliwe.

Ikaingia ile boti nyeupe ya kukodi, Galini, na wageni wanne kutoka Ubelgiji waliolipia wiki nzima ya kuzunguka visiwa pamoja na nahodha. Walikuwa wanakwenda kisiwa cha Arki, meltemi, ule upepo mkali wa kiangazi, ikawafukuza. Kwenye usukani alisimama mtu mwembamba mwenye kofia pana ya majani, miwani ya jua, na kitambaa kilichomfika puani. Pembeni yake alikuwepo bwana mwenye tumbo na kofia ya unahodha, akinyoosha kidole huku na kule.

Yaliyofuata bado mnayacheka, najua. Hapo gatini unaangusha nanga mbali, kisha unarudi kinyumenyume mpaka tezi, nyuma ya boti, ikaribie gati. Yule mwenye kofia ya majani akaiangusha juu ya mnyororo wa nanga ya boti ya Mzee Stergos. Ukainuka kitini, na sauti yako, baba, waliisikia mpaka kisiwa cha Patmos. Ulimuuliza yule mwenye tumbo kama cheti chake alikiokota kwenye pakiti ya viazi. “Hiyo ni nanga, bwana, siyo maji ya kuoshea vyombo, unamwaga tu popote!” Mzee Filippas akatoa sifuri kabla boti haijasimama, akadai anaokoa muda.

Lakini jaribio la pili pia mliliona. Boti ikatoka, ikangoja upepo upumue, ikashusha nanga panapotakiwa hasa, ikarudi taratibu kama mbuzi anayelijua zizi lake. Kamba uliidaka wewe mwenyewe, ukafunga, ukatangaza tisa. Filippas alipobisha ukamwambia anyamaze, yeye hata punda hajui kumfunga. Kisha ukamshika mkono yule mwenye tumbo, ukamkalisha mbele ya pweza na viglasi vya uzo, mkaongea Kifaransa chako cha Marseille mpaka jua likazama.

Baba, yule bwana ni daktari wa meno. Anavaa ndala kwa sababu kamba za viatu zinamshinda. Ile kofia alivishwa tukiwa bado nje ya bandari, akasihiwa asimame tu na kunyoosha kidole.

Aliporudi botini alileta habari mbili. Ya kwanza, meno yako ya chini yanahitaji fundi haraka. Ya pili, kwamba kwenye kiglasi cha tatu ulimwambia una binti Rhodes, kwenye ofisi ya bima, mwenye mikono stadi kuliko nahodha yeyote wa Lipsi, na kwamba ulimfungia nchi kavu kwa kuwa bahari ilishamla baba mdogo Yakoumis na hukutaka imle na yeye. Ukasema mpaka leo hujui kama ulimwokoa au ulimwibia. Daktari alisema hayo huku anatafuta ndala yake ya kushoto. Mimi nilikwenda chooni nikalia.

Ofisi ya bima niliiacha miaka mitatu iliyopita. Nahodha wa Galini ni mimi. Miaka yote hiyo naipita Lipsi kwa mbali, nawadanganya wageni kwamba huko kuna nyigu. Nanga ya kwanza niliikosea kwa sababu nilisikia sauti yako, nikawa tena mtoto wa miaka minane. Ya pili niliipatia kwa sababu hiyohiyo. Nilikumbuka ulivyonifunza kwenye kile kiboti cha buluu, kwamba gati halikimbii, tazama upepo. Mama alinitambua kwa kusimama kwangu tu. Alipita, akaacha mkate botini, akaenda zake. Usimgombeze.

Jumapili ijayo, saa kumi, naingia tena na wageni wengine, bila kofia wala kitambaa. Naogopa kuliko nilivyoiogopa meltemi. Ukibaki kitini nitaelewa, nitafunga kamba mwenyewe, na sitaleta boti hapo tena. Ukisogea gatini, nitakurushia.

Nisalimie mama. Mzee Stergos mwambie anisamehe mnyororo, na Mzee Filippas mwambie sifuri yake naipokea. Jicho lipeleke hospitali, nakuomba: ulisimama hatua tatu kutoka kwangu ukaniambia, “Kijana, ongeza kamba.” Nikaongeza.

Ila ile tisa, baba, mvue daktari. Ni ya kwangu.

Binti yako akupendaye,
Evdokia, nahodha wa Galini