Belti Ilinishika, Nikakosa wa Kunishusha

Kitengela,
Alhamisi jioni

Mpenzi Mama Shiru,

Nakusalimu wewe na watoto, na natumaini hapo Entarara mmeamka salama. Shiru alimaliza ile dawa ya kifua? Na mama, mgongo wake uko aje siku hizi? Nasikia mvua imewapita tena upande huo. Huku kwetu ni vumbi tu na malori ya saruji.

Barua hii anakuletea Baba Kevo, jirani yetu, anakuja nyumbani Jumamosi. Najua utashangaa kwa nini naandika na tuliongea kwa simu Jumapili. Siku hiyo nilikuambia niko na malaria. Nilikudanganya, nisamehe. Ulikuwa unacheka sana juu ya yule mbuzi aliyeingia kanisani, sikuweza kukukatiza. Haya ni afadhali niyaandike.

Unajua tunajenga fleti za ghorofa sita, na mimi na Kamau ndio tunapiga plasta ya nje. Mwezi uliopita wakaguzi walikuja wakasema mtu yeyote asipande bila mkanda wa usalama. Sisi tunauita belti. Inapita mabegani, kifuani na katikati ya mapaja, halafu inafungwa kwa kamba inayotoka juu. Mwenye jengo akanunua tano. Siku ya kwanza Kamau alicheka akasema tunafanana na punda wa maji. Wengine wakaivaa siku mbili wakaacha, eti inawachelewesha. Mimi niliivaa kila siku, kwa sababu yenu.

Ijumaa iliyopita, kabla ya chai ya saa nne, nilikuwa nje ya ghorofa ya tano. Kamba yangu ilifungwa kwa nondo za kule juu kabisa. Mbao ya jukwaa niliyokanyaga ikavunjika. Sikupata hata nafasi ya kupiga kelele. Karai ilienda chini, mwiko ukaifuata, mimi nikashikwa na belti mapajani nikabaki hewani. Chini watu wakapiga makofi. Hata mimi nilicheka, Mama Shiru. Nilisema, asante Mungu, nimepona.

Halafu wakaanza kuulizana nitashukaje. Tuligundua pamoja, wao chini na mimi juu, kwamba hakuna mtu anajua vile mtu aliyeshikwa na belti hushushwa.

Ukuta sikuufikia kwa mkono, kwa sababu slabu, ile sakafu ya simiti ya juu, imetokeza. Miti ya jukwaa ilikuwa imelegea, hakuna aliyethubutu kuipanda. Ngazi ilifika ghorofa ya pili tu. Wanaume wanne wakavuta kamba kutoka juu, nikaisikia ikisagika kwenye ukingo wa simiti, nikawalilia waache. Kufungua fundo hawangeweza, uzito wangu ulikuwa umelikaza. Mutiso, foremani wetu, alikuwa anazunguka na simu sikioni.

"Vumilia, Baba Shiru! Wanakuja!"

Ni nani wanakuja, hakusema.

Kwanza miguu ilikufa ganzi, halafu ikawa kama si yangu. Jasho baridi likanitoka, moyo ukakimbia, macho yakaanza kuona giza. Hapo mbele naona barabara ya Namanga, malori yanapita, mama anauzia watu matikiti, na mimi siwezi kujisaidia kwa lolote. Nikaanza kukuita. Si Mama Shiru. Nilikuita Nyambura, kwa sauti, kama mtoto. Saiti nzima sasa inajua jina lako.

Aliyeniokoa ni Naserian, mama mmoja wa Kajiado anayetuchanganyia mchanga na saruji. Alikimbia mpaka ghorofa ya nne, akachungulia kwenye dirisha lililokuwa chini ya miguu yangu, akafokea wanaume.

"Mnavuta nini? Mpeni mahali pa kukanyaga kwanza!"

Anasema kwao ng'ombe akitumbukia shimoni ndivyo wanaanza. Wakasukuma mbao nene nje ya dirisha, watu watano wakakalia upande wa ndani. Nikaitafuta kwa vidole, nikaikosa, nikaitafuta tena. Nikasimama. Damu iliporudi miguuni nililia kuliko nilivyolia nikining'inia.

Uzito ulipotoka kwa kamba, wale wa juu wakaweza kufungua fundo na kunilegezea kidogo kidogo. Mutiso akavaa belti nyingine, akafungwa kwa nguzo ya ndani, akatoka dirishani akanishika kiuno. Nikaingizwa kama gunia. Wanasema nilikaa pale karibu saa nzima. Kliniki waliniambia niko na bahati, kwamba kuna watu hufia kwa belti hivyo hivyo, wakiwa hawajaanguka popote. Mguu wa kushoto bado ni mzito, lakini natembea.

Mwenye jengo alifika mchana. Si mtu mbaya. Alikalia mfuko wa saruji akashika kichwa. "Mimi nilinunua nikafikiri nimemaliza," akasema. Akaamuru belti zote zifungiwe stoo mpaka aje mtu wa kutufundisha kumtoa mtu. Mtu huyo hajakuja. Kazi nayo haikusimama hata siku moja.

Mimi wamenipa plasta ya ndani. Jana nilimwona Kamau akipanda nje bila kitu. Nikamwambia, "Kamau, shuka kwanza, twende tuongee na Mutiso."

Akaniangalia. "Na belti ikinishika mimi, utanitoa wewe?"

Nikaenda kwa Mutiso peke yangu. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Hata mimi nimeandikwa kazi tu." Akaongeza kwamba Jumatatu narudi nje, kwa sababu ndani kumeisha.

Nimefikiria kukataa. Lakini kila asubuhi langoni kuna watu wanangoja mmoja wetu akose kuja. Nimefikiria kurudi nyumbani pia, halafu nakumbuka vile uliniambia nyanya zimekauka. Nageuza upande huu, nageuza ule, sioni mlango. Sikuandikii ili unipe jibu. Nilitaka tu mtu mmoja ajue.

Mama usimwambie. Mwambie mwanawe amemsalimia sana. Nisalimie baba yako, na ndugu yangu mdogo anayewachotea maji. Shiru mwambie madaftari nimeyafunga pamoja na hii barua. Naserian anakutumia salamu, hajawahi kukuona lakini anakutaja kama dada yake.

Ukishasoma, tafadhali usinipigie Jumamosi wala Jumapili, kwa sababu utalia na mimi nitashindwa kupanda Jumatatu. Nipigie Jumatatu jioni, saa kumi na mbili. Saa hiyo sisi huwa tumeshuka.

Ni mimi mume wako,
Baba Shiru