Wote Wawili Wanakuja Nasi

Jumamosi, Kiboriloni

Basi wanakuja wote wawili, siamini! Kesho tunahamia Tabora, kwenye kambi mpya ya jeshi ya Elisante wangu, na watoto wake tunao.

Asubuhi mama mkwe alishuka kutoka Masama na mkungu wa ndizi, ameshaamua kwamba wajukuu watabaki naye. “Bibi harusi wa juzi atawaweza wapi watoto wa marehemu mkeo?” alimwambia Elisante, mimi nasikia. Iliniuma. Hata mimi naogopa.

Majirani walikuwa wanatupakilia vyombo kwenye lori, kila mtu anaamuru. Katika vurugu hizo Baraka, yule mdogo, akajikwaa kwenye godoro akaanguka. Bibi yake alikuwa karibu, akamnyooshea mikono. Mtoto akampita, akaja kulilia kwenye gauni langu.

Mama mkwe alishusha mikono. Halafu akavua kanga yake, akamfunga Baraka mgongoni kwangu kwa mikono yake mwenyewe.

“Nenda nao wote wawili. Mbebe vizuri mwanao, Mama Baraka.”

Mama Baraka, mimi!

Elisante alijifanya anakaza kamba za lori. Nikamwona anajifuta macho kwa mkono wa gwanda. Jamani, mwanajeshi wangu.