Fulana za Kumpokea Mudrik

Jumatatu, 22 Julai 2024

Mudrik kashikwa. Asubuhi nzima dukani hakuna neno jengine. Polisi wamemfuata hotelini Mbweni, timu yake ya Bara ilikokuja kupiga kambi kabla ya ligi kuanza. Msichana mmoja anayefanya kazi hapo hoteli kenda kushtaki — Mudrik alimfungia mlango wa chumba, akamwingilia kwa nguvu.

Mudrik wa Mpendae. Jina lake nimelibandika kwenye jezi mara ngapi, sijui. Herufi sita na nambari kumi na moja, naibana mashine ya joto juu yake, kisha naitoa jezi ingali moto. Nusu ya watoto wa Mchangani wanatembea nalo mgongoni.

Wateja wanacheka. Mmoja kasema wasichana wa hoteli wanajulikana. Mwengine, katumwa huyo, hizo fitina za timu pinzani. Na mimi — niandike ukweli, hapa hanisomi mtu — na mimi nikatia langu. Nilisema: "Na yeye alifuata nini chumbani kwa mwanamme?"

Wakacheka zaidi. Cherehani ya Bi Sichana ikanyamaza kidogo, kisha ikaendelea. Nilidhani uzi umemkatikia. Huu mwaka wa sita yuko nami, anapinda jezi na kushona suruali za mazoezi. Mtu wa Tumbatu, anakaa Bububu. Hana maneno mengi.

Jumanne, 23 Julai

Katoka kwa dhamana. Pikipiki zimepita Darajani na honi, kama kumetiwa goli.

Hasan, mwenyekiti wa tawi la mashabiki, kapita dukani kutwambia tukae tayari, kuna kazi inakuja. Kafurahi sana. Anasema wivu tu huo, mtoto wetu anang'ara, watu roho zinawauma. Yule msichana hakumtaja hata mara moja. Kama hayupo duniani.

Bi Sichana kachelewa. Macho mekundu. Nimemuuliza, akasema vumbi la barabarani.

Alhamisi, 25 Julai

Naandika jikoni. 

Mwanangu Inaya karudi skuli, kanionesha simu. Picha ya "yule mwongo wa Mbweni" imefika mpaka kwenye kundi la darasa lao. Watoto wa miaka kumi na sita! Msichana kavaa sare ya hoteli, mtandio wa kijani, anacheka na aliyempiga picha. Chini yake maneno ambayo sitayaandika. Mwengine kamchorea mishale mwilini. Mwengine kaandika, kwa sura hii Mudrik angetaka nini.

Nimemtazama yule msichana. Namjua. Mwezi wa Ramadhani alikuja dukani mara mbili kumfuata mama yake, wakaondoka pamoja kwenda kufutari. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo Bi Alifiya," kwa mikono miwili.

Shahida. Mtoto wa Bi Sichana.

Tangu Jumatatu mama wa watu kakaa hatua nne kutoka kaunta yangu. Kayasikia yote. Na langu kalisikia.

Nimemwambia Inaya afute. Akasema, "Mama, hata nikifuta mimi, iko kwa kila mtu."

Ijumaa, 26 Julai

Nimefunga duka wakati wanaume wako msikitini. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya cherehani yake.

Nikamwambia, Bi Sichana, nimeiona picha.

Hakuinua kichwa. Alimaliza pindo kwanza, akakata uzi. Akasema, "Ni yeye."

Nikamuuliza kwa nini hakunambia, kwa nini anakuja kazini kuyasikia haya. Akasema, "Nikikaa nyumbani nitayabuni mwenyewe. Hapa nayasikia kama yalivyo, na namjua aliyesema."

Nikasema, "Na mimi nimo."

"Umo," akasema. "Uliuliza alifuata nini chumbani. Alifuata mashuka, Bi Alifiya. Ndo kazi yake, kutandika vitanda."

 Nilimwomba radhi.  Kachukua suruali nyengine, akaitia chini ya sindano.

Kutwa nzima najisikia kinyaa, na si kwa watu tu.

Jumapili, 28 Julai

Chakula cha mchana, sote mezani. Mume wangu Abizer kaniarifu kwamba kazi ya Hasan kaikubali. Fulana nyeupe arubaini, kifuani MUDRIK TUKO NAWE. Tangu atolewe, Mudrik kafichwa shamba kwa mjomba wake. Jumatano anarudishwa Mpendae kwa msafara, kuna ngoma na kuna pilau. Kama bwana harusi.

Nikasema sitazichapa.

Abizer si mtu mbaya. Miaka kumi na minane sijamsikia akimtukana mtu. Akasema kwa upole tu: sisi ni watu wa duka, fulana ni fulana, korti ndo itakayoamua. Nikamwambia vizuri, korti iamue, basi na tungoje korti — mbona wao hawangoji? Akasema, "Alifiya, usitutie midomoni mwa watu."

Mama mkwe wangu, Hawabai, akasema mwanamke mwenye akili jambo kama hilo angelifukia. Angelifukia! Kala samaki wake, kachambua miba, hana habari.

Nikamuuliza Abizer: na angekuwa Inaya?

Akanijibu papo hapo, bila ya kufikiri. "Inaya hatandiki vitanda hotelini."

Inaya alikuwepo. Aliliweka tonge sahanini, akamtazama baba yake. Sijapata kumwona akimtazama vile.

Jumatatu, 29 Julai

Nimekwenda Bububu. Bi Sichana kanichukua mwenyewe, sikumwomba.

Ukuta wa nyumba yao kuna mtu kauandika kwa mkaa. Neno moja. Wamelisugua, lakini bado linasomeka. Jirani alikuwa akianika nguo, hakuitikia salamu ya Bi Sichana. Salamu ikaanguka palepale.

Shahida kakonda. Hoteli wamemwambia apumzike mpaka mambo yatulie. Kwa nani yatulie? Miaka ishirini na mitatu, kakaa kwenye mkeka kajifunika kanga mbili, na jua lote lile. Nilipoingia alivuta miguu ndani ya kanga.

Sikuuliza kitu. Alianza mwenyewe. Kanambia aligonga mlango mara mbili, akasema "usafi", kama walivyofundishwa. Alidhani wachezaji wote wako mazoezini. Mudrik alikuwa anaumwa goti, kabaki. Alifungua mwenyewe, akamwambia ingia dada, fanya kazi yako. "Nikafurahi," anasema. "Nikawaza, nitawahadithia wenzangu nimetandika kitanda cha Mudrik."

 Aliyobaki kayasema polisi na kwa daktari, na hataki kuyarudia, na mimi sitaki ayarudie.

Kisha akauliza, "Bi Alifiya, ni kweli kuna fulana?"

Habari ya fulana ishafika Bububu. Nikamwambia ni kweli, zimeagizwa. Akauliza, zinachapwa wapi?

Mama yake akamtazama. Kumbe hakumwambia.

Nikasema, "Kwangu. Ziko kwangu, hazijachapwa."

 Ametazama mikono yangu muda mrefu.

Jumatano, 31 Julai

Naandika hapa hapa dukani, mlango nimeufunga kwa ndani. Mikono inataka kitu cha kufanya.

Abizer alitoka asubuhi kwenda bandarini kutoa mzigo. Kaniachia fulana juu ya meza, kanambia ziwe tayari kabla ya adhuhuri. Sikuigusa hata moja. Mashine sikuiwasha.

Saa tano na nusu kaja Hasan na wenzake watano. Wamevaa skafu za timu, joto lote hili. Nikamwambia sikuzichapa. Akadhani umeme ulikatika. Nikasema umeme upo, mashine nzima, mimi ndo sitaki.

Akacheka. Kweli alidhani ni mzaha. Akamgeukia Bi Sichana kule pembeni. "Bi mkubwa, shikamoo. Hebu msemeze mwenzio. Huyu Mudrik mtoto wetu sote."

Bi Sichana kasema marahaba. Hasan akamuuliza kama na yeye ana watoto.

"Nnaye mmoja," akasema. "Wa kike."

"Basi mkataze na mahoteli," kasema Hasan. Kasema kwa upole kabisa, kama anampa nasaha. Wenzake wakachekea kwenye skafu zao. Mmoja akaongeza kwamba wengine hujipeleka wenyewe, kisha wakenda kulia polisi.

Hapo ndipo nilipowatoa. Sikupiga kelele. Nilisema tokeni, nikamsukuma Hasan kifuani kwa mkono wangu huu — mimi, niliyevaa rida, stara yetu ya Kibohora, Mchangani mchana kweupe — mpaka akawa barazani. Nikafunga mlango, nikatia kufuli.

Sasa hivi Abizer karudi, yuko nao nje. Namsikia. Anawaambia subirini, nitazungumza naye. Anawaomba radhi. Sauti yake ya kumbembeleza mteja, naijua. Kagonga mara tatu. Kanambia kwa Kigujarati, ili wale wasielewe, kwamba hata zikichapwa ishirini zinatosha.

Ishirini. Kama kwamba neno likipungua nusu, si lile lile.

Bi Sichana kaizima cherehani. Kakunja kitambaa, kakiweka mahala pake. Kenda kunawa uso kwenye ndoo ya nyuma. Kisha kaja mbele yangu, akasema, "Nifungulie."

Nikamwambia ngoja wende zao, watachoka, msafara hauwangoji. Nikamwambia wakikujua wewe ni mama yake, nao pia wana simu, watakutoa mitandaoni kama walivyomtoa yeye, na kesho hutapita hata sokoni.

Akasema, "Bi Alifiya, picha ya mwanangu ushaiona mji mzima. Yangu bado. Nataka Hasan anitazame, kisha alirudie lile neno."

Nikamuuliza utawaambia nini. Akasema hajui.

Kavaa buibui lake, kasimama mbele ya mlango, mkono juu ya komeo.  Nje Abizer ananiita, sasa kwa jina langu, Alifiya, Alifiya. Wale wengine wanangoja fulana.

Nimemwambia hatoki peke yake. Natafuta ufunguo.