Waliotumwa kwa Ng'ombe wa Mama Naliaka

Kitale, Jumanne

Na mhariri wangu bado anataka neno "mafanikio" kwenye kichwa cha habari yangu kuhusu programu ya simu ya wafugaji.

Leo kule Endebess, Mama Naliaka alituma ujumbe kwa chama cha wafugaji kupitia programu hiyo: ng'ombe wake anataka dume, aje mtaalamu amtie mbegu bora ya maziwa. Walikuja wawili, kila mmoja na simu inayoonyesha kwamba kazi ni yake.

"Wewe rudi, bana. Mimi ndio nimetumwa."

"Ati nani? Soma hapa!"

Nikampigia fundi wa programu, aliye Bungoma. Jana aliweka toleo jipya kwenye seva, ile kompyuta inayoendesha programu, bila kuizima huduma ya zamani. Nayo, kwa kuwa hakuna aliyeiambia ikome, iliendelea kupokea ujumbe na kutuma watu sambamba na ile mpya.

"Si nilifuta faili yake?" akasema. "Nilidhani itakufa yenyewe."

Wale mabwana wakiwa bado wanabishana langoni, fahali mwembamba wa jirani, asiyesajiliwa kwenye programu yoyote, aliruka ua, akampanda ng'ombe.

"Na huyo ametumwa na nani?" Mama Naliaka akauliza.

Tulicheka sote isipokuwa yeye. Atangoja miezi tisa ndipo ajue amepata ndama gani.

Mhariri nitamwambia ng'ombe alihudumiwa siku hiyo hiyo.